Dexter msimu wa 4: Rita aliuawa kwa kisasi, au zamu yake ilikuwa imefika?

#1 MtazamajiSugu
Wakuu, salaam. Kama hujamaliza msimu wa 4 wa Dexter, ile tamthilia ya mtaalamu wa damu wa polisi wa Miami anayeua wauaji kwa siri, funga uzi huu sasa hivi, maana humu mwisho wake unamwagwa wote.

Wikiendi nimeirudia episodi ya kufungia, "The Getaway", ile iliyorushwa na Showtime tarehe 13 Desemba 2009. Nimetoka na hoja moja, naiweka mezani. Karibu kila mtu ninayeongea naye anasema Arthur Mitchell, yaani yule muuaji anayeitwa Trinity, alimuua Rita, mke wa Dexter, ili kumkomoa Dexter. Mimi sikubali. Trinity kwa miaka 30 alikuwa na utaratibu wake: mwanamke anakatwa mshipa ndani ya hodhi la kuogea, mama mwenye watoto analazimishwa kuruka kutoka ghorofani, baba anapondwa kwa nyundo, mtoto wa kiume wa miaka 10 anazikwa kwenye zege. Kila kifo ni kumbukumbu ya mtu wa kwao: dada yake Vera, mama yake, baba yake, na yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Huyo haui kwa hasira. Anaua kwa ratiba.

Sasa angalieni. Kabla ya Rita alikuwa ameshamteka yule mtoto, Scott. Baada ya mtoto anafuata mwanamke wa kwenye hodhi. Rita kakutwa wapi? Kwenye hodhi. Hata kama Dexter asingezaliwa, kuna mwanamke angekufa Miami siku zile, namna ile ile. Nani anapinga?

#2 BintiMzizima
Napinga mimi. Zamu gani ya hodhi kwa mwanamke mwenye watoto watatu? Vera alikuwa msichana. Kwa hesabu za Trinity mwenyewe, Rita angeangukia fungu la mama anayerushwa kutoka juu. Kumweka kwenye hodhi ni kuvunja ratiba yake, na mtu wa aina ile havunji ratiba bila sababu. Sababu ni Dexter.

#3 Fundi Deki
Hii episodi ina deni na mimi. Enzi zile tulikuwa tunanunua zile DVD za msimu mzima kwenye sahani moja, nikachukua ya kwangu Kariakoo. Ikafika pale Dexter anarudi nyumbani usiku, anafungua mlango, picha ikaganda. Nikasafisha kwa kitambaa, nikabadilisha deki, wapi. Nikajua steringi kamaliza kazi, kesho yake anaenda fungate na mkewe.

Msimu wa 5 ulipokuja, naanza kuangalia, naona maandalizi ya mazishi. Nikauliza kijiweni, "Jamani, kafa nani?" Walinicheka mpaka muuza kahawa akaacha kumimina.

#4 Babu Kijiwe
Fundi Deki hahaha, pole sana kijana wangu. Wewe ndiye mtu pekee duniani uliyeupata ule mwisho kwa njia ya msiba.

#5 nesi_wa_usiku
Nami niseme kwa upande wa kazi yangu, maana naona mnajadili ratiba bila kujadili damu.

Trinity anakata mshipa mkubwa wa paja, wa ndani karibu na kinena. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza zaidi ya asilimia 40 yuko kwenye hali ya kufa, na mshipa ule ukikatika wazi bila mtu wa kuukandamiza, ni suala la dakika. Maji ya moto yanaongeza balaa, kwa sababu yanatanua mishipa na damu haipati nafasi ya kuganda vizuri. Kwa hiyo Rita hakuteseka saa nzima.

Hapa ndipo uzi unapoanza: aliuawa saa ngapi? Harrison, mtoto wa Rita na Dexter aliyekutwa bafuni kwenye damu ya mama yake, alikuwa bado hajatimiza mwaka. Mtoto wa umri ule akikaa siku nzima bila maziwa, hutamkuta ameketi analia kwa nguvu vile. Angekuwa amelegea, midomo imekauka. Pale kilio kina nguvu. Mimi nasema ni saa chache tu kabla ya Dexter kufika.

#6 MtazamajiSugu
Nesi, ahsante, hicho ndicho nilikuwa nakitafuta. Kama ni saa chache, Trinity alitoka pale akaenda moja kwa moja kukutana na Dexter barabarani. Hana wasiwasi wowote. Mtu aliyetoka kulipiza kisasi angejisifu. Yeye hakujisifu hata akiwa amefungwa mezani.

#7 BintiMzizima
Hakujisifu? Umesahau neno lake la mwisho? Dexter anamwambia anataka kuwa mtu bora kuliko yeye, Arthur anamjibu kwa utulivu kwamba tayari limekwisha. Kule ni kujisifu kwa mtu anayejua utaelewa baadaye. Dexter alidhani anazungumzia maisha yake mwenyewe. Akapiga nyundo. Akaenda nyumbani kwa furaha.

Nilipoirudia mara ya pili nilitetemeka pale.

#8 KijanaWaEldy
Mambo wazito. Mimi niko Eldoret, hii series tuliitazama hostel tukiwa first years, watu kumi na laptop moja. Nakubaliana na Binti kuhusu lile neno lakini naona mnasahau jambo moja kubwa sana: Rita hakustahili kuwa nyumbani!

Alikuwa ameshaondoka kwenda Florida Keys, Dexter amfuate huko. Watoto wakubwa, Astor na Cody, walikuwa wamepelekwa Disney World na babu na nyanya yao. Nyumba ilikuwa iwe tupu. Halafu Dexter anasikiliza ujumbe wa simu: Rita amesahau kitambulisho, amerudi kukichukua, ataondoka na ndege ya baadaye. Sasa niambieni, Trinity alijuaje? Hakujua. Hakuna kisasi, hakuna zamu. Alienda kwa nyumba ya Dexter kumtafuta Dexter, akampata Rita. Ni bahati mbaya tu.

#9 ChaiNaVitumbua
Eldy kaweka msumari wa moto. Kitambulisho!! Huwa napiga kelele mbele ya runinga kila nikifika pale.

#10 Sheria Mkononi
Naona wote mnatafuta muuaji mahali pasipo. Muuaji wa Rita ni Dexter.

Kabla hamjanirushia mawe: simaanishi alishika wembe. Namaanisha alikuwa na nafasi ya kummaliza Trinity mapema na hakufanya. Kwa nini? Kwa sababu alitaka kujifunza kwake jinsi ya kuwa muuaji na bado uwe na mke, watoto, kanisa, kujenga nyumba za maskini. Alimwona kama mwalimu. Wakaenda naye safari ya Tampa. Arthur akataka kujirusha kutoka juu ya jengo, na aliyemshika asianguke ni nani? Dexter! Alimuokoa ili amuue yeye mwenyewe kwa wakati wake. Kama angeachia mkono siku ile, Rita angezeekea Miami.

Halafu kuna ule mlo wa sikukuu ya Kushukuru nyumbani kwa Mitchell. Anaona jinsi mzee yule anavyoitesa familia, anamkaba kwa mkanda shingoni jikoni, na bado anamwacha hai. Jambo hilo halina utetezi.

#11 Babu Kijiwe
Sheria Mkononi umenena. Hata Dexter mwenyewe amelikiri pale mwisho akiwa amembeba mtoto. Anasema Harry, baba yake mlezi, alikuwa sahihi, yeye Dexter ndiye tatizo.

#12 MtazamajiSugu
Babu, pale Dexter anasema pia kwamba ni majaaliwa, chochote ambacho angechagua kisingebadilisha kitu. Ukichukua nusu ya kwanza lazima uichukue na ya pili. Majaaliwa maana yake nini kama siyo zamu?

#13 Sheria Mkononi
Mtu akizembea akasababisha kifo, hupenda sana neno majaaliwa. Nimelisikia mara nyingi mahakamani.

#14 Mswahili Maskati
Assalaam alaykum. Nipo Oman, nafuatilia kimya kimya lakini hapa nimeshindwa kukaa.

Watu wengi wanasema Trinity ametoka kichwani mwa waandishi tu. Angalieni kisa cha Dennis Rader wa Kansas, yule aliyejiita BTK. Kiongozi wa baraza la kanisa, baba wa watoto wawili, kiongozi wa vijana wa skauti, mtumishi wa manispaa, na aliua watu zaidi ya 30 kati ya 1974 na 1991. Wakamkamata kwa DNA. Ukimtazama Arthur Mitchell na yale makuzi ya kanisani na kujitolea kwake, humwoni Rader?

#15 Mpwa wa Tabora
Alaykum salaam mkuu. Kulinganisha kwako kuna nguvu, ila rekebisha hapo: Rader alikiri kuua watu 10, siyo 30. Na kilichomuumbua kwanza siyo DNA. Aliwatumia polisi diski ya kompyuta mwaka 2005, ndani yake kukawa na alama za faili zenye jina la kanisa lake na jina "Dennis". Polisi wakaenda huko. DNA ilikuja kuthibitisha, na waliipata kupitia sampuli ya hospitali ya binti yake. Alikamatwa Februari 2005, akahukumiwa vifungo 10 vya maisha.

30 ni miaka ya Trinity kuua, labda ndiyo iliyokuchanganya.

#16 Mswahili Maskati
Shukran Mpwa. Basi tazama hapo kwa binti. Kwa Rader ni binti bila kujua. Kwa Trinity ni Christine, yule mwandishi wa habari, binti yake wa nje, ambaye naye kumbe ndiye aliyewapiga risasi Lundy, mpelelezi mstaafu wa FBI, na Debra, dada yake Dexter, ili kumlinda baba. Mabinti wa hawa watu wamebeba mzigo mzito.

#17 BintiMzizima
Christine ndiye aliyeniliza msimu mzima, kuliko Rita. Alikuwa anaomba kutambuliwa na baba tu. Baba akamwambia angetamani asingezaliwa. Baadaye akajiua mbele ya Debra. Nayo ni maiti ya Trinity ile, ingawa hamna hodhi wala nyundo.

#18 KijanaWaEldy
Turudi kwa kitambulisho. Hakuna mtu amenijibu.

#19 MtazamajiSugu
Nakujibu Eldy. Hoja yako inasimama kwa mguu mmoja. Umesema alienda kumtafuta Dexter akamkuta Rita. Kama alienda kumuua Dexter na akamkosa, angesubiri pale pale ndani. Hakusubiri. Alimaliza kazi, akaondoka, akachukua gari lake akaanza safari ya kuhama mji. Mtu aliyekusudia kumuua mume haondoki baada ya kumkuta mke. Kwa hiyo alikwenda kwa ajili ya mke.

#20 KijanaWaEldy
Au aliondoka kwa sababu kumuua Dexter kulikuwa kumepitwa na kitu kizuri zaidi kwake. Alifika pale na hasira, akapata mama na mtoto, akabadilisha mpango papo hapo. Watu hubadilisha mpango. Hata wewe juzi ulisema unaondoka kwa uzi wa Arsenal na bado uko huko.

#21 ChaiNaVitumbua
😂😂 Eldy acha kumvua mtu nguo hadharani.

#22 Kasri la Pwani
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina maelezo ambayo hayajaguswa, na naomba mnisome taratibu.

Mnamjadili Rita. Nadhani Trinity hakwenda pale kwa sababu ya Rita wala ya Dexter. Alikwenda kwa sababu ya Harrison.

Kumbukeni alivyoanza yeye mwenyewe. Akiwa mtoto wa miaka 10 alimchungulia dada yake bafuni, Vera akashtuka, akaanguka kwenye kioo, akakata mshipa wa paja, akavuja damu hadi akafa mbele yake. Mama akajirusha kwa uchungu. Baba akamlaumu mtoto. Maisha yote ya Arthur yamejengwa juu ya picha moja: mtoto wa kiume, bafu, damu ya mwanamke. Na yule Scott aliyetakiwa kufa kwenye zege, Dexter akamuokoa. Ina maana ile sehemu ya mtoto mwaka ule haikutimia. Ikabaki wazi.

Sasa amefika nyumbani kwa Dexter, na kuna mtoto wa kiume. Hakumgusa! Mtu aliyetoka kumwaga damu hakumgusa mtoto hata kidogo, alimwacha ameketi ndani ya damu ya mama yake. Alimtengeneza Arthur mwingine. Hodhi halikuwa la Rita, lilikuwa la Harrison.

#23 nesi_wa_usiku
Kasri umenisisimua mwili.

#24 BintiMzizima
Kasri, hii ni nzuri na naichukia kwa sababu inaweza kuwa kweli. Ila haivunji hoja yangu. Kumtendea hivyo mtoto wa Dexter bado ni kumlenga Dexter.

#25 Mpwa wa Tabora
Kuna shimo moja kwa Kasri. Trinity alikuwa anaacha majivu ya Vera kwenye maeneo ya mauaji. Ile ilikuwa saini yake. Bafuni kwa Rita hatuonyeshwi majivu. Kama alikuwa anatimiza jambo zito kuliko yote maishani mwake, angesahau majivu ya dada yake?

#26 Kasri la Pwani
Hatuonyeshwi mengi, Mpwa. Mauaji yenyewe hatukuonyeshwa. Tunaingia na Dexter, anaita, anapiga simu ya Rita, simu inalia humo humo ndani, kisha kilio. Kamera haikuwa na kazi ya kupekua sakafu. Waliamua tuone kile tu ambacho baba angekiona, na baba aliona mtoto kwanza.

Yule aliyeiongoza ile episodi, Steve Shill, alichukua tuzo ya Emmy ya uongozaji mwaka 2010 kwa kazi hiyo. Ukiitazama dakika zile za mwisho unajua kwa nini. Hakuna muziki wa kukutisha. Kuna mlio wa simu.

#27 Fundi Deki
Ndiyo maana sahani yangu iliganda pale, ilikuwa inaniepusha.

Halafu jamani, yule mzee aliyeigiza Trinity, John Lithgow, si ndiye alipata Oscar kwa ile kazi?

#28 ChaiNaVitumbua
Oscar ni ya filamu za sinema, Fundi. Kwa Trinity alipata Golden Globe Januari 2010 na Emmy mwaka ule ule, ile ya muigizaji mgeni. Oscar aliwahi kuteuliwa mara mbili miaka ya 80, hakushinda.

Na mkitaka kuharibu usingizi wenu: huyo huyo ndiye sauti ya yule bwana mfupi mwenye majigambo kwenye Shrek.

#29 Fundi Deki
Farquaad?? Hapana. Wanangu wanaiangalia ile kila Jumamosi. Chai, umeniharibia nyumba.

#30 Babu Kijiwe
Usiku ule wa Golden Globe hata Michael C. Hall, anayeigiza Dexter, alishinda, na alipanda jukwaani amevaa kofia ya kufuma. Watu wakashangaa. Alikuwa anatibiwa saratani ya tezi za limfu, Hodgkin, na habari ilikuwa imetangazwa siku chache kabla. Aliyekuwa mkewe wakati huo ni Jennifer Carpenter, yule anayeigiza Debra, dada yake kwenye tamthilia. Alipona, namshukuru Mungu.

#31 Sheria Mkononi
Tumepotea njia, lakini habari njema ya kupona mtu siikatai.

#32 Jicho la Kamera
Naingia kama mtu anayeandika maigizo ya redio kwa miaka mingi. Mnatafuta sababu ndani ya hadithi. Mimi naona sababu ya kwanza ipo kwenye meza ya waandishi.

Msimu wa 4 ulianza na Dexter ana mke, watoto watatu, nyumba kwenye mtaa wa watu wa kawaida, hapati usingizi kwa kilio cha mtoto. Ulikuwa wakati mzuri wa kuchekesha. Lakini ungeweza kuandika misimu mingapi ya mtu anayemdanganya mke kila usiku? Ama Rita ajue ukweli, ama Rita aondoke. Wakachagua kifo. Clyde Phillips, aliyeiongoza tamthilia tangu msimu wa 1, aliachia usukani mara tu msimu huo ulipoisha. Aliondoka akiwa amebomoa daraja nyuma yake. Aliyekuja msimu wa 5 alirithi mjane na mtoto mchanga.

Na ule ulinganifu wa Harrison na Dexter ni wao, siyo wa Trinity. Dexter akiwa mtoto mdogo aliketi kwenye damu ya mama yake, Laura Moser, ndani ya kontena, mwaka 1973. Trinity hakuyajua hayo. Waandishi waliyajua. Na katika episodi hiyo hiyo Debra anamwambia Dexter kwamba amegundua mama yake ni Laura Moser na muuaji wa lori la barafu, yule wa msimu wa 1, alikuwa kaka yake. Wametuwekea kontena mbele ya macho kabla ya kutuonyesha bafu.

#33 Kasri la Pwani
Jicho, kwamba waandishi walijua haimzuii Trinity kuwa na sababu zake. Mhusika aliyeandikwa vizuri ana akili yake.

#34 Jicho la Kamera
Hapo nakubaliana nusu. Lakini ukienda kwenye vitabu vya Jeff Lindsay vilivyozaa hii tamthilia, Trinity hayumo kabisa. Alitengenezwa kwa ajili ya msimu ule, kwa kazi ile. Mhusika aliyezaliwa ili amuue Rita, utasema zamu, utasema kisasi, vyote ni nguo za kumvisha.

#35 MtazamajiSugu
Kwa mantiki hiyo basi tufunge jukwaa lote la filamu, maana kila jibu litakuwa "mwandishi alitaka".

#36 Jicho la Kamera
Usifunge. Nauliza tu kwa nini alitaka hivi na siyo vile. Angeweza kumpiga Rita risasi mlangoni, na tungelia vile vile. Alichagua damu sakafuni na mtoto katikati kwa sababu swali la tamthilia yote tangu msimu wa 1 ni moja: huyu mtu alifanywa au alizaliwa hivi? Ile picha inamkabidhi mtoto swali la baba.

#37 nesi_wa_usiku
Kuhusu saa ya kifo nirudi kidogo. Kuna mtu ameniuliza pembeni kwamba polisi wa Miami wangeweza kujua saa kamili. Kwa mwili uliokuwa ndani ya maji ni vigumu. Mwili hupoa haraka zaidi majini kuliko kwenye hewa, na inategemea maji yalikuwa ya moto kiasi gani mwanzoni. Wangeangalia pia kukakamaa kwa maiti, ambako huanza taya na shingo baada ya saa kama 2 hadi 4. Wangepata kipindi, wasingepata dakika. Ndiyo maana msimu wa 5 Quinn, mpelelezi wa polisi wa Miami, anaweza kumshuku Dexter bila kuonekana mwehu.

#38 Mkimbizi wa Msimu wa 8
Mimi naamini Quinn alikuwa kwenye njia sahihi. Kuna nadharia kwamba Dexter mwenyewe ndiye aliyemuua Rita, akili yake ikafuta. Pale polisi walipofika alisema ni yeye.

#39 Sheria Mkononi
Hapana mkuu, hiyo haisimami hata dakika. Kusema "ni mimi" pale ni kulia kwa mtu anayejilaumu, hata mimi nimesema hapo juu kwamba lawama ni yake. Lakini ule ujumbe wa simu upo, na mkono wa Trinity unaonekana kwenye kila kitu bafuni. Tusichanganye lawama na kitendo.

#40 Mkimbizi wa Msimu wa 8
Sawa. Ila mtakubali kwamba tamthilia ingekwisha pale 2009 tungekuwa tunaisifia mpaka leo. Badala yake tukapelekwa hadi Septemba 2013, steringi anapita kwenye kimbunga na boti, anaibukia kukata magogo. Sijapona.

#41 ChaiNaVitumbua
Magogo!! Huo uzi ulifika kurasa ngapi ule?

#42 Mpwa wa Tabora
Lakini bila kuendelea tusingemwona Harrison mkubwa. Kwenye New Blood, ule mwendelezo wa tamthilia, Harrison anatembea na wembe. Na anamchana nao mwenzake shuleni. Baadaye anasema anakumbuka kifo cha mama yake. Waandishi waliirudia hoja ya Kasri miaka 12 baadaye, na Clyde Phillips alikuwa amerudi usukani. Mimi nilikuwa upande wa ratiba, sasa nimesogea kidogo kwa Kasri.

#43 BintiMzizima
Anayekumbuka ni mtoto asiyefikisha mwaka? Nesi, hilo linawezekana?

#44 nesi_wa_usiku
Kwa kawaida hapana, siyo kama picha ya kuweza kusimulia. Kumbukumbu za kusimulika za watu wengi huanza kwenye miaka 3 hivi. Lakini mwili wa mtoto unaweza kubeba hofu bila yeye kujua ya nini. Na Harrison alikuwa amesoma na kusikiliza habari za Trinity, kwa hiyo mengine aliyajaza mwenyewe.

#45 Mswahili Maskati
Dexter naye anasemwa alikumbuka ya kontena na alikuwa mdogo vile vile, kama miaka 3. Hapo angalau umri unaruhusu.

#46 KijanaWaEldy
Basi hiyo ndiyo tofauti inayomwangusha Kasri. Kama Trinity alitaka kutengeneza Arthur mwingine, angechagua mtoto wa miaka 10 kama alivyozoea, anayeona na kuelewa. Mtoto mchanga haelewi. Trinity alimwacha Harrison kwa sababu hakuwa kwa mpango wake kabisa. Mimi bado niko kwa kitambulisho.

#47 Kasri la Pwani
Na mimi bado niko kwa mtoto. Kwenye Resurrection, mwendelezo mwingine wa 2025, Dexter akiwa amezimia hospitali, John Lithgow anamtokea tena kama Trinity. Kati ya wote aliowahi kuwaua, ni wachache tu waliochaguliwa kumtokea, na yeye yumo. Nitairudia leo usiku nikiwa na daftari, nisikilize kila neno analosema kuhusu familia.

#48 MtazamajiSugu
Irudie, Kasri, na uje na dakika kamili. Mimi naenda kurudia ile episodi ya 10 ya utekaji wa Scott. Nataka kuhakikisha kama mtoto ndiye anayefungua mzunguko au anayeufunga, maana hata hapo naona watu wanatofautiana, ingawa kwa vyovyote anayemfuata ni wa kwenye hodhi. BintiMzizima, wewe utuletee orodha ya wanawake wote wa hodhi waliotajwa msimu ule, tuone kama kweli hakuna mwenye watoto.